Kobe Aanze na Watu wa Mbali

Jemadari Songoro alikuwa amechoka, na aliyemchosha ni mwandishi wake, Zachary Gathii. Kwa sura thelathini na moja alikuwa amemkokota jemadari huyo kutoka upande mmoja wa nchi ya Zirani hadi mwingine, bila likizo, bila kitanda, huku nyuma yake likifuata jeshi la watu elfu tisa wenye malengelenge miguuni. Adui walikuwa Wana wa Majivu, waliotoka ndani ya mlima uliozimika, wamepanda vifaru wenye ngozi ya mawe. Mkuki uliwagonga ukarudi umepinda. Moto waliuota tu. Kitu kimoja ndicho kiliwaweza, nacho ni njaa, na hapo ndipo Gathii alipokuwa bingwa.

Maana Gathii mwenyewe alikuwa mwanajeshi, ila si wa kuimbiwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa sajini wa stoo. Aligawa unga, maharagwe, blanketi na mafuta ya lori, akastaafu bila kumpiga mtu risasi, akarudi Kitale akiamini kwamba vita ni tumbo na miguu, mengine yote ni kelele. Vitabu vingine vya vita vina mapenzi. Chake kilikuwa na magunia. Ukitaka kujua kifaru wa mawe hula madebe mangapi ya mtama kwa siku, Gathii atakuambia bila kukuna kichwa. Ukitaka kujua kama Songoro alimkumbatia mkewe kabla ya kwenda vitani, basi wewe ngoja, na uje na kiti.

Gathii alikuwa na miaka sabini na miwili. Presha ya macho ilikuwa imemwachia jicho moja tu, nalo lilimwonyesha dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kuandika kulikuwa kumekwisha. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alishika mkongojo wake akateremka hadi kwenye saiba ya Nakhungu, chumba kimoja cha mabati chenye kompyuta, pembeni mwa Kipsongo, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga unga. Nakhungu alikuwa binti wa Bungoma, miaka ishirini na sita, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Gathii alisema, Nakhungu akachapa, mashine ya unga ikanguruma, na hivyo ndivyo watu wa Zirani walivyokuwa wakiuawa, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Tabu ilikuwa moja. Gathii ni Mkikuyu, na ulimi wa Mkikuyu ukikutana na herufi l huigeuza r bila kuomba ruhusa. Nakhungu ni Mbukusu, na huko kwao l na r ni ndugu wanaoazimana mashati. Mmoja alisema vibaya, mwingine akasikia vibaya, na mara chache makosa hayo mawili yalikutana njiani yakazaa neno sahihi. Mara chache, nimesema. Wiki ya kwanza wazee wa Zirani walitakiwa kupiga kura, wakaandikwa wamepiga kula. Jemadari alimnong'oneza tarishi wake, "Hii ni siri," karatasi ikatoka imesema, "Hii ni sili," kana kwamba mtu kakaribishwa chakula akakataa. Na palipoandikwa hari ya jeshi badala ya hali ya jeshi, Nakhungu alicheka mpaka akashika meza.

"Lakini hata hiyo ni ukweli, mzee. Watu elfu tisa na hawajaoga tangu sura ya nne? Hiyo jasho si ya kuchezea, bana."

"Cheka tu," Gathii akasema. "Jeshini tuko na dawa ya hiyo. Kwa redio kira herufi iko na jina yake. Ukishuku, niurize: ni ya Rinah ama ni ya Rosaline."

"Rinah ama Linah?"

"Huyo huyo. Ere ya Rinah, na R ya Rosaline."

"Rosaline najua ni mama ya nyumbani. Huyu Linah ni nani?"

"Jirani," Gathii akasema, na akaendelea na hesabu ya mtama.

Majina hayo yalimtoka bila kufikiri. Au ndivyo alivyojiambia. Mtu mwenye kidonda hukikinga kwa mkono bila kujua kwamba anakikinga, na akiulizwa husema mkono wangu umezoea kukaa hapo.

Sura ya thelathini na mbili ilikuwa ya kurudi nyuma. Kushambulia ni kazi ya vijana, Gathii alipenda kusema, hata mlevi anaweza kushambulia. Kurudi nyuma na watu wako wote ndiko kunakotaka kichwa. Kwa majuma matatu Songoro alikuwa akirudi nyuma huku akichoma kila ghala aliloliacha, na vifaru wa mawe walikuwa wamekonda mpaka ngozi zao zinadondoka vipande njiani. Lakini adui mwenye njaa hafi siku moja, na kabla hajafa huwa mkali kuliko alivyokuwa ameshiba. Wana wa Majivu sasa walikuwa wakija kuwala watu wenyewe. Hakukuwa na la kufanya ila kuwavusha raia Mto Kiziwi.

Mto huo uliitwa Kiziwi kwa sababu ulimeza sauti. Ungesimama ng'ambo hii upige kelele mpaka mishipa ikutoke shingoni, wa ng'ambo ile angekuona unapiga miayo. Daraja haukuwa nalo. Ulikuwa na kobe mmoja wa kale, mwenye gamba pana kama uwanja wa soko, aliyeota majani mgongoni. Kobe huyo alibeba watu mia nne kwa mpigo, na baina ya jua kuchomoza na jua kutua alikubali safari mbili tu. Akimaliza ya pili alizama akalala, na hata ungemwita kwa jina la mama yake asingeinuka.

Raia walikuwa kambi mbili. Karibu na kivuko walikuwa watu wa nyumba ya jemadari mwenyewe, ukoo wake, mkewe akiwa miongoni mwao. Mbali, juu kabisa mtoni, chini ya jabali, walikuwa wengine, mchanganyiko wa makabila yaliyokimbilia huko, na jabali hilo ndilo Wana wa Majivu wangeshukia kwanza. Songoro aliacha mioto mia tatu ikiwaka kambini na ng'ombe wenye njuga wakizungushwa kilimani, ili adui adhani jeshi bado lipo. Hila hiyo ingemnunulia mchana mmoja. Akafanya hesabu yake. Aliye karibu ana miguu yake. Mambo yakiharibika anaweza kufuata ukingo wa mto akatembea. Aliye mbali hana kitu ila kobe. Kwa hiyo kobe aanzie mbali.

Yeye Songoro alikuwa ameshavuka ng'ambo kuandaa mapokezi, na mto hausikii. Ila alikuwa na mdiria wa kumpelekea kobe amri, ndege wa rangi ya buluu aliyefundishwa kubeba maneno matano na kuyarudia kama alivyoyasikia, bila kuongeza, bila kupunguza.

"Soma hapo," Gathii akasema.

Nakhungu akasoma. "Jemadari akamwinua mdiria kwenye kiganja, akamwambia: Anza na watu wa mbari." Akaweka kidole kwenye skrini. "Mzee, hapo mwisho niko na shaka. Nimeweka mbari. Yaani ukoo yake, si ndiyo? Ama ulikuwa unataka mbali, ya umbali? Ni L ya Linah ama R ya Rosaline?"

Gathii alifungua mdomo, na neno likawa pale ulimini, na akagundua kwamba hajui. Hakujua ni lipi lilikuwa limemtoka. Masikio yake mwenyewe hayakuweza kumwambia, kwa maana kwake hayo maneno mawili yalikuwa na sauti moja tangu azaliwe. Nyuma ya ukuta mtu alizima mashine ya unga, na chumba kikawa kimya ghafla.

"Mzee? Uko sawa?"

"Nimechoka," akasema. "Wacha hapo."

Aliinuka akatoka, na Nakhungu ikabidi amkimbilie na mkongojo mpaka barabarani.

Sasa ni lazima jambo hili lisemwe, kwa sababu Gathii mwenyewe hakuwahi kulisema kwa mtu. Miaka kumi na saba kabla ya siku hiyo, katika mwaka wa fujo, alikuwa na shamba Saboti. Ndugu zake na binamu zake, mbari yake nzima, walikuwa wamejenga kando ya barabara. Juu, mpakani na msitu, waliishi watu wengine wa kila namna, na mmoja wao alikuwa Linah, mke wa Kiptum, ambaye ndiye aliyemfundisha Rosaline kugandisha maziwa kwenye kibuyu. Gathii alikuwa mjini Kitale asubuhi ile habari ilipofika kwamba vijana wenye silaha wanashuka kutoka msituni, na hawaulizi mtu jina. Alitafuta lori kama kichaa. Akampata dereva mmoja tu aliyekuwa kule Saboti tayari, akiteremsha mbolea: Wepukhulu, mtu wa Bungoma, waliyejuana naye kwa miaka mingi.

Hesabu aliifanya palepale, kama sajini wa stoo. Walio karibu wana miguu. Walio mbali hawana kitu ila lori. Mtandao ulikuwa unakatika. Simu ilishika kwa muda wa pumzi moja, naye akaitumia pumzi hiyo yote: "Anza na watu wa mbali." Simu ikakatika.

Lori lilifika uwanja wa kanisa mjini likiwa limejaa ndugu zake. Rosaline alikuwa juu, amepakata kuku ndani ya kikapu. Lilipogeuza na kurudi Saboti, barabara ilikuwa imezibwa kwa magogo. Linah na wengine wanne hawakutoka.

Miaka kumi na saba Gathii alikuwa na swali moja: mdomo wangu ulisema nini? Kama ulisema mbali, basi kosa si langu. Kama ulisema mbari, basi ni mimi niliyewaua kwa herufi moja, na tena kwa neno linalosema waziwazi, wangu kwanza. Hakumuuliza mtu. Alizeeka nalo, akauza shamba la Saboti, na macho yalipoanza kufifia akaanza kitabu. Majemadari, vifaru, mlima uliozimika, magunia yote yale ya mtama, yalikuwa njia ndefu ya kufika kwenye mto mmoja na sentensi moja, ili safari hii aisikie vizuri. Na alipofika, hakuisikia.

Rosaline alikuwa barazani akichambua maharagwe aliporudi.

"Leo vita imeisha mapema," akasema.

Gathii akakaa. Baada ya muda akasema, "Siku ire Wepukhuru arikuja na rori. Ariwaambia nini?"

Mikono ya Rosaline ilisimama. Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuulizwa. "Alisema pandeni. Mtu akiambiwa pandeni, anapanda. Mimi sikuuliza kwa nini ni sisi, Mungu anisamehe." Akarudi kwenye maharagwe, akatupa jiwe dogo uani. "Baba Dancan, mimi nimechoka. Kila siku unapigana ukiwa umelala, na niko kando yako, ni mimi unapiga mateke. Wepukhulu hajakufa. Enda Misikhu umuulize."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekukumbusha mwavuli. Gathii alimkasirikia kwa siku mbili, kwa sababu Rosaline alikuwa amesema kweli.

Siku ya soko mwanawe Dancan alimpeleka Misikhu kwa pikapu yake ya maziwa, akamshusha pale wauza viatu wanapokaa, akaenda kutafuta chai. Wepukhulu alikuwa ameacha kuendesha malori. Sasa aliyakata matairi yake. Alikaa kwenye kigoda katikati ya rundo la akala, viatu vya tairi, kisu mkononi, kichwa kimekuwa cheupe chote.

"Sajini!" akaita. "Sajini Gathii! Habali ya siku mingi! Kaa, kaa hapa. Macho imekuwa aje?"

"Imebaki moja."

"Hata moja ni mali. Leta mguu." Na bila kungoja alimvua Gathii kiatu, akaukanyagisha mguu wake juu ya kipande cha tairi na kuanza kuuchora kwa chaki. Walizungumza habari za mvua na za mahindi, na ni nani amezikwa, kama watu wenye adabu wanavyopaswa. Mguu wa pili ulipochorwa Gathii akasema:

"Wepukhuru, nimekuja na swari moja."

"Najua," Wepukhulu akasema. "Hata nilikuwa nashangaa mbona imechukua miaka yote hiyo."

"Kwa simu. Nirisema mbari, ama nirisema mbari?"

Mtu mwingine angecheka. Wepukhulu hakucheka. Aliiweka chaki chini.

"Ulisema mbari. Ya ukoo. Vile unasema saa hii, ndivyo ulisema."

Gathii aliinamisha kichwa. Basi ndiyo hiyo, akawaza, nimeipata, na sasa nitakufa nayo. Lakini Wepukhulu alikuwa hajamaliza.

"Lakini nilijua ni mbali."

"Urijuaje?"

"Sajini, mimi ni mtu wa Bungoma. Mimi nikisema lori, watoto yangu wanasikia rori na wananicheka. Mimi ndiyo utanidanganya na mambo ya l? Halafu ni wewe. Mtu wa stoo. Wewe ungeanza na wale wako kando ya barabara aje? Nilijua hata kabla simu ikatike."

"Basi kwa nini?"

Wepukhulu alikitazama kisu chake. "Niliogopa. Huko juu moshi ilikuwa imeanza kutoka. Na watu yako walikuwa hapo tu kwa barabara na mizigo yao, wananipungia. Nikajiambia, si Sajini amesema mbari? Ni yeye amesema, si mimi. Nikachukua ile neno ilikuwa rahisi. Ndiyo hiyo. Niue ukitaka, kisu ndiyo hii."

Hasira ilimpanda Gathii, hasira tamu, ya kwanza kwa miaka mingi, kwa maana hatimaye ilikuwa na mtu wa kumwangukia. Mtu huyu alijua! Alijua, akamwacha abebe gunia hilo peke yake mpaka mgongo ukapinda.

"Miaka kumi na saba," akasema. "Na hukuniambia."

"Sikukuambia. Lakini na mimi niko na swali yangu, Sajini, na imekaa hiyo hiyo miaka." Wepukhulu alisogeza kigoda karibu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kusimama. "Nilipofika pale kanisani, ulimwona Mama Dancan juu ya lori. Ulisema nini?"

Gathii aliokota chaki, akaigeuza vidoleni.

"Ulisema asante Mungu. Ukawashusha mmoja mmoja. Ukawahesabu. Ukawahesabu tena. Ukaitisha chai. Na mimi niko kwa usukani, sijazima injini, nangoja uje uniulize: watu wa mbali wako wapi? Ungeuliza tu, ningerudi hiyo dakika, hata na hiyo uoga yangu. Barabara ilikuwa bado wazi. Nilingoja nusu saa, Sajini. Halafu ukakuja kwa dirisha. Nikasema, sasa ananiuliza. Ukanishika mkono, ukaniambia nishuke nikunywe chai."

Sokoni mwanamke alikuwa akipigia kelele bei ya vitunguu. Gathii alimsikia kila neno.

"Na nilikunywa," Wepukhulu akasema. "Hiyo chai nilikunywa, na ilikuwa na sukari."

Hasira ile tamu ilikuwa imeondoka, na Gathii hakujaribu kuirudisha. Alikikumbuka kikombe. Kilikuwa cha bati, cha buluu, kimebanduka mdomoni. Alikumbuka kuku akitoa kichwa kikapuni, na Rosaline akilia, na yeye mwenyewe akiwa na furaha ambayo hajawahi kuipata tena. Furaha kubwa mno kiasi kwamba haikuacha nafasi ya mtu mwingine yeyote. Hayo yote aliyafungia stoo, akaweka herufi moja mlangoni iwe mlinzi. Miaka yote alimhoji mlinzi. Ndani hakuingia.

Wepukhulu alimaliza akala zile, akazifunga mikanda, akamvisha kwa mikono yake. "Hizi zitakuzika," akasema. Gathii alisimama, akazijaribu hatua mbili tatu, kisha wakashikana mikono kwa muda, wazee wawili wasio na la kupeana zaidi.

Jumamosi iliyofuata aliteremka Kipsongo akiwa amevaa akala zake. Nakhungu alikuwa amempangia kiti.

"Mzee, nilidhani umetuacha. Na huyo mdiria bado yuko kwa kiganja, maskini, mkono ya Jemadari imeshakufa ganzi."

"Soma paripobaki."

"Anza na watu wa..." Nakhungu akasita. "Hapo. Sasa nimefikiria, mzee, mimi naona ni mbali. Jemadari ni mtu mzuri. Hawezi sema ukoo wangu kwanza. Nirekebishe, niweke L ya Linah?"

"Arikusudia mbari," Gathii akasema. "Hiyo unayosema wewe. Rakini iriyotoka ni ya Rosaline. Wacha R."

"Eh! Basi watu watasema ni ndege alikosea."

"Hapana. Ndege hakukosea kitu. Andika." Alifumba hata lile jicho moja lililobaki, na akaanza kusema, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Nakhungu akachapa. Kobe alisikia maneno matano, naye alikuwa mzee wa kutosha kujua jemadari alikusudia nini. Lakini jabali lilikuwa limeanza kutoa moshi, na maji ya huko juu yalikuwa baridi. Akachukua lililokuwa rahisi. Akavusha watu wa mbari. Jemadari Songoro alikuwa amesimama ng'ambo, na mbele ya wote akamwona mkewe.

"Arifurahi," Gathii akasema. "Andika hivyo. Jemadari arifurahi. Arimshika mkewe, akashukuru Mungu. Akawahesabu watu wake mara mbiri. Kobe arikuwa ukingoni na safari moja bado mwirini, anangoja kuambiwa. Jua ririkuwa bado juu. Jemadari hakuangaria mto."

Vidole vya Nakhungu vilipunguza mwendo. Alikuwa amengoja sura thelathini na mbili jemadari amkumbatie mkewe, na sasa amemkumbatia, naye hakutaka kuendelea kuchapa. Aligeuka akamtazama yule mzee, akala zake mpya na mikono yake juu ya mkongojo.

"Na wale wa mbali, mzee?" akauliza kwa sauti ya chini. "Wanaandikwa wapi?"

"Hapo hapo. Sentensi inayofuata. Wako watano, na kira mtu na jina yake."

"Niko tayari."

Gathii akavuta pumzi. Aliupandisha ulimi wake taratibu, akauegemeza nyuma ya meno ya juu, mahali ambapo haukuwa umezoea kwenda, akaushikilia hapo mpaka ukatulia.

"Anza na Linah," akasema.

Nakhungu hakuuliza ni herufi gani.